Very haitoshi: nilivyovizoea vielezi vikali vya Kiingereza

Ushauri unaoniudhi kuliko wote kuhusu Kiingereza ni ule wa "acha kusema very, tumia haya", halafu unatupiwa orodha ya maneno kana kwamba yote ni visawe: extremely, highly, deeply, bitterly, utterly, keenly. Mwanafunzi anachomoa lolote, anaandika "highly sad", na msomaji anayekijua Kiingereza anakunja uso bila kujua aanzie wapi kumsahihisha. Maneno hayo si visawe hata kidogo. Kila moja lina wenzake wa kuandamana nao, na ukilitenga nao linagoma.

Kilichonifungulia mlango ni Kiswahili chenyewe. Tunasema amelala fofofo, amelewa chakari, ukumbi umejaa pomoni, giza totoro, nguo nyeupe pe. Yote ni maneno ya kutia ukali, lakini hutamsikia mtu akisema amelewa pomoni au ukumbi umejaa fofofo, na hatukufundishwa kanuni yoyote ya kutuzuia. Tuliyasikia mawili mawili, tukayashika mawili mawili. Vielezi vikali vya Kiingereza vinataka kushikwa vivyo hivyo, kwa hiyo daftarini mwangu haliandikwi neno pekee. Siandiki "bitterly: kwa uchungu". Naandika "bitterly cold", "bitterly disappointed", "bitterly divided", "bitterly regret", "complain bitterly". Chini yake "deeply sorry", "deeply grateful", "deeply moved", "deeply regret". Highly naipa ukurasa wake kwa sababu ndiyo inayotumika vibaya kupita zote: inakaa na "recommended", "unlikely", "qualified", "successful", yaani tathmini na makadirio, na haipendi hisia tupu kama "happy" na "sad". Utterly mara nyingi huvuta upande mbaya: "utterly ridiculous", "utterly exhausted", "utterly wrong". Wapo wanaosema "utterly delightful" na ni sahihi, ila ukiwa bado unajifunza, baki upande mbaya.

Sasa mbinu yenyewe, ambayo sijaona mwalimu akiieleza vya kutosha. Kuna hazina za maandishi halisi ya Kiingereza zilizowekwa kwenye intaneti ili watu wazichunguze, ziitwazo kopasi. Ninayoitumia zaidi ni Corpus of Contemporary American English, yenye zaidi ya maneno bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani, kuanzia 1990 hadi 2019. Kwa Kiingereza cha Uingereza ipo British National Corpus, maneno milioni 100. Kujisajili ni bure, ila utafutaji wa siku moja una kikomo, kwa hiyo usiuchezee. Kwenye kisanduku andika *ly disappointed, nyota ikiwa imeshikana na ly bila nafasi. Nyota inasimama badala ya herufi zozote, na utaletewa vielezi vyote vinavyoishia na ly vilivyotangulia neno hilo, vikiwa vimepangwa kwa wingi wa matumizi. Utakutana na bitterly, deeply, sorely, extremely. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo utamu unapoanza. Bofya sorely usome sentensi zenyewe, kama kumi hivi. Utaona inajirudia ndani ya onyo: ukitarajia jambo fulani, "you will be sorely disappointed". Ni maneno ya anayemtahadharisha mwenzake. Bofya bitterly, na mara nyingi utamkuta mtu akieleza maumivu yaliyokwisha kumpata: "I was bitterly disappointed". Kamusi itakwambia yote mawili ni "sana". Kisha geuza: andika bitterly *, uone maneno yanayokuja nyuma yake. Kwa kwenda na kurudi namna hiyo neno moja linakupa ukurasa mzima.

Vielezi vya hamu vinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu sisi tuna "kwa hamu" inayofunika vyote. Eagerly ni hamu yenye furaha: "She eagerly accepted the offer". Anxiously ni kungoja roho ikiwa juu: "They waited anxiously for news". Desperately ni pale mtu amebanwa hana njia nyingine: "They desperately need water". Avidly hukaa na kusoma, kukusanya na kufuatilia. Keenly inawadanganya wengi. Mara nyingi inabeba ukali wa hisia au ushindani kuliko hamu, kama "a keenly felt loss" au "a keenly contested election". Kwenye barua ya kuomba kazi, "I am anxiously awaiting your reply" inamwonyesha mwajiri mtu mwenye wahaka. Hata eagerly imezidi pale. "I look forward to your reply" imeshabeba hamu yote bila kielezi.

Very yenyewe ina mipaka miwili. Haishiki kitenzi, kwa hiyo "I very want" haipo. Sema "I really want" au "I badly want". Pia haipandi juu ya sifa ambayo tayari imefika kileleni. Furious, freezing, starving na exhausted zinataka absolutely au completely. Na kinyume chake, "absolutely tired" haikai vizuri. Tired inabaki na very.

Mahali pa kielezi panaweza kugeuza maana kabisa. "I really don't like it" ni sipendi hata kidogo. "I don't really like it" ni siipendi sana, lugha ya adabu. "I badly want to sing" ni nina hamu kubwa ya kuimba, lakini "I want to sing badly" inaweza kueleweka kuwa nataka kuimba vibaya. Tatizo letu kubwa linatokana na "nilikifurahia sana kitabu", ambapo sana inafuata kitenzi papo hapo. Kiingereza hakitaki kielezi kitenganishe kitenzi na kinachotendwa: "I enjoyed the book immensely", si "I enjoyed immensely the book".

Mengine ni ya kukariri tu. "I work hard" ni nachapa kazi. "I hardly work" ni karibu sifanyi kitu. "Terribly sorry" ni samahani sana, lakini "he sang terribly" ni aliimba vibaya mno.

Quite nimeiweka mbali kwa makusudi. Mbele ya sifa ya kileleni ni kabisa: "quite exhausted". Mbele ya sifa ya kawaida, Mwingereza akisema "quite good" mara nyingi anamaanisha si mbaya, ilhali Mmarekani anaweza kuwa anakusifu kweli. Kwa hiyo ninapomsifu mtu kwa maandishi siigusi. Naandika "really good", naye anaelewa hivyo hivyo awe wa upande wowote.