Kushinda Iowa si kuingia Ikulu

Mjomba wangu hapa Arua, Uganda, ana kawaida ya kumtangaza rais wa Marekani miezi kabla Wamarekani wenyewe hawajapiga kura. Akisikia redioni nani kaongoza Iowa, jimbo ambako kwa desturi mchujo wa vyama wa kuteua wagombea urais huanzia, basi, kwake kazi imekwisha.

Kwa hesabu hiyo Joe Biden angezikwa Februari 2020. Alishika nafasi ya nne Iowa, ya tano New Hampshire, jimbo lililofuata. Kisha ikaja South Carolina, ambako wapiga kura weusi wana nguvu kubwa ndani ya chama cha Democratic, ikamfufua. Novemba akashinda.

Bill Clinton naye, mwaka 1992, hakuongoza Iowa wala New Hampshire. Iowa ilimchukua Tom Harkin, seneta wa huko huko. Mtoto wa nyumbani, nani atamnyima? Na 2016 Ted Cruz alimpiku Donald Trump pale pale Iowa. Bado Clinton na Trump waliingia Ikulu.

Zipo kura za Iowa zilizolenga, sikatai: Bush 2000, Obama 2008, Trump 2024. Ila mimi naona Iowa huchuja zaidi kuliko inavyotabiri. Anayeanguka vibaya hukimbiwa na wafadhili, anajitoa.

Mjomba anabisha kwa kutumia mchujo wa NRM, chama tawala cha hapa Uganda, ambapo watu hupanga mstari nyuma ya mgombea wao. "Ukiuona mstari, umemwona mshindi."

"Sasa mjomba, na wale wanaoshindwa mstarini, wakasimama kama wagombea binafsi na kuingia bungeni?"

Akasema hao ni wakaidi tu, hawahesabiwi.