Siku moja gereji: gari inasita ukikanyaga mafuta

Saa moja na nusu asubuhi tunafungua. Kufagia, kuwasha kompresa, kumwaga oili za servisi mbili. Hadi chai inafika hakuna la kusimulia.

Saa tatu inaingia Hilux ya zamani, ya kabureta. Ukiikanyaga ghafla inameza kwanza, ndiyo iondoke. Hili mwenye gari ya kabureta anaweza kulipima mwenyewe. Zima injini, toa eya klina, chungulia kooni mwa kabureta, kisha vuta waya wa mafuta kwa mkono. Petroli inatakiwa iruke papo hapo kwa mchirizi mwembamba ulionyooka. Hapa ilikuja kwa kuchelewa, ikichuruzika. Ngozi ya pampu ya kabureta ilikuwa imekakamaa na haisukumi kitu. Tulibadilisha ngozi na kupuliza kitundu cha mrusho kwa upepo wa kompresa. Usikichokoe kwa waya, kikipanuka gari itakula mafuta mpaka ujute.

Saa nne na nusu anaingia mzee na Corolla AE100, injini ya 5A-FE.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Mimi sina muda. Nifungie sensa ya oksijeni, nimeshaambiwa ndiyo mbovu."

Kwenye buti kuna maboksi matupu: plagi, waya za plagi, pampu ya mafuta. Vyote vimefungwa vipya na gari bado inasita. Nauliza kama inasita ikiwa baridi au ikishapata moto, mlimani au hata tambarare, kwa kukanyaga taratibu au ghafla. Jibu: "Inasita tu." Ni jibu la karibu kila mteja, kwa hiyo namwomba aendeshe yeye, mimi nikae pembeni.

Tulipozunguka mtaa ikaonekana. Sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, imetulia. Mguu ukianza tu kushuka, gari inajikata kama imezimwa na kuwashwa, halafu inavuta. Akikandamiza hadi chini inaondoka bila tatizo. Hapo pampu ilishajitoa kwenye orodha. Pampu iliyochoka au filta iliyoziba huonekana injini ikiwa na mzigo, mlimani, raundi zikiwa juu. Mwanzo kabisa wa pedali hauhitaji mafuta mengi kiasi hicho.

Nikaunganisha TE1 na E1, matundu ya kuulizia kompyuta ya gari makosa, kwenye kiboksi cha chini ya boneti, nikawasha swichi. Taa ya cheki injini ikapepesa mfululizo bila kutulia: hakuna kodi, yaani namba ya kosa. Mzee akafurahi. "Si umeona? Kompyuta haina shida, weka sensa." Sensa ya oksijeni ikifa mara nyingi huacha kodi 21, na haikatishi gari namna ile. Nikamweleza. Akapiga simu kwa mtu aliyemwambia, akanipa simu niongee naye. Niliongea naye.

Saa sita nikaanza kupima kimoja kimoja. Waya za plagi, kila mmoja chini ya kilo-omu 25, sawa. Ndani ya kofia ya distibyuta hakuna ufa wala mstari mweusi wa kaboni. Geji ya mafuta ilisoma psi 33 kwenye sailensa. Nilipochomoa hosi ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ya regyuleta ya presha ya mafuta, ikapanda hadi 41, na hosi ilikuwa kavu. Ingekuwa na petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimepasuka. Vakyumu inchi 19. Nikashikilia raundi 2,500 kwa muda, mshale haukushuka, maana yake masega ya ekzosi, yanayosafisha moshi, hayajaziba. Hosi ya sensa ya vakyumu haina ufa.

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. "Mbona hujafungua hata nati moja?"

Maneno haya huchosha kuliko kushusha gia boksi. Mteja akiona spana inazunguka anaona kazi. Akiona mita anaona mtu anachezea muda wake.

Ikabaki sensa ya throto, inayoiambia kompyuta umekanyaga mafuta kiasi gani. Hapa tumia mita ya mshale, ya namba inachelewa kufuata. Choma pini nyuma ya plagi ya sensa kwenye waya wa VTA, unaopeleka volti kwa kompyuta, washa swichi bila kuwasha injini, sukuma throto polepole sana. Mshale ulianza volti 0.5, ukapanda vizuri, ulipokaribia 0.9 ukaanguka sifuri, kisha ukarudi na kuendelea hadi juu. Nikarudia mzee akiangalia. Ukaanguka palepale. Ndipo mguu wa dereva unaposhinda miaka yote kwenye foleni, na njia ya kaboni ndani ya sensa imelika hapo. Kompyuta inadhani umeachia mafuta, inapunguza, gari inajikata. Kodi 41, ya sensa hii, haiji kwa sababu mkato ni wa kufumba na kufumbua.

Kijana akapanda bodaboda kwenda Shauri Moyo kutafuta mtumba. Aliyoleta kwanza ilikuwa na plagi ileile lakini inazunguka upande mwingine. Akarudi tena. Foleni, jua, mzee anauliza kila mara kijana yuko wapi. Ya pili ilifaa. Kabla ya kulipa, ipime hukohuko dukani kwa omu: izungushe kwa kidole, namba zipande bila kuruka.

Kuifunga ni skrubu mbili, kuiseti ndiyo kazi. Wembe wa fila geji (kipimo cha nafasi) wa milimita 0.35 kwenye kizuizi cha throto, swichi ya IDL, inayoonyesha mafuta yameachiwa, iwe imeshika. Ukiweka mnene zaidi, 0.6 au 0.7 kulingana na kitabu cha gari, iwe imeachia. Kisha chomoa kwa muda mfupi fyuzi ya EFI, ya mfumo wa kupuliza mafuta, kompyuta isahau ya zamani.

Sijui saa ngapi tena, nikaona alama kwenye distibyuta. Kuna mtu aliizungusha ili kuficha kusita. Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, ilikuwa inakaribia digrii 18. Ya kitabu ni 10. Ikiachwa hivyo injini itagonga mlimani. Nikairudisha.

Tulipanda Ubungo hadi Kimara giza likiingia, mguu ukiwa palepale pa mwanzo wa pedali. Haikusita.

Kwenye malipo, sensa hakuibishia. Ufundi, elfu arobaini, akaona nyingi kwa skrubu mbili. Nikamwekea sensa ya zamani mkononi na kuzima mita. Akalipa, halafu akauliza kama naweza kuitoa ile pampu mpya airudishe dukani. Nikamwonyesha chini ya risiti yake: mali ikishauzwa hairudishwi.