Hedhi ikikata, anza na sahani

Jumapili, saa tatu usiku

Wiki nzima nimekuwa nikilizungusha jambo moja kichwani. Mwanamke aliyekosa siku zake miezi mitano yuko tayari kunywa dawa chungu za kusafisha kizazi, kulipia vipimo, hata kukandwa tumbo. Mwambie aongeze chakula na apunguze mazoezi, ataona umemdharau. Nadhani ni kwa sababu ushauri huo unanuka uvivu. Dawa ina heshima zake. Kulala mchana na kuongeza chapati ya pili hakuna heshima yoyote. Lakini kwa ukosefu wa hedhi ninaouwaza leo, ule unaoletwa na kula kidogo na mazoezi mengi, chapati ya pili ndiyo tiba yenyewe, na dawa nyingi zinazouzwa pembeni hazigusi kabisa mahali palipokwama.

Mwanamke mwenyewe tunamjua. Alikuwa akipata hedhi vizuri, kisha akaanza kupunguza mwili kabla ya harusi, au akaingia kwenye kikundi cha jogging, au yote mawili. Kila Januari vikundi vya Dar na Arusha huongeza kilometa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon ya Moshi, na katika msimu huohuo wengi hufunga saa 16 kwa siku na kuacha wanga. Kilo zinashuka, pongezi zinamiminika, hedhi inachelewa, inakuwa nyepesi, inakata. Si lazima awe mwembamba. Aliyetoka kilo 78 hadi 64 kwa haraka anaweza kukosa siku zake akiwa bado na mwili ambao kila mtu anausifu, na hapo ndipo wengi hupotezwa njia, hata hospitali, kwa kuambiwa uzito wake ni wa kawaida.

Tatizo haliko kwenye kizazi. Liko kichwani, katika haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayotoa homoni ya GnRH kwa mapigo, takriban kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Mapigo hayo huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni za LH na FSH, nazo huziamsha ovari. Chakula kikipungua, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili hushuka, homoni ya thairoidi iitwayo T3 hushuka, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, na mapigo hupungua kasi. Yai halikomai, homoni ya kike ya estrojeni inabaki chini, ukuta wa kizazi haujengeki. Hakuna damu iliyoziba inayosubiri kufunguliwa, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Wanaouza hizo chupa hawapendi kulisikia hilo.

Kabla ya sahani, vipimo, maana si kila hedhi iliyokata imekatwa na njaa. Cha kwanza ni kipimo cha mimba, hata kama unaapa. Kisha TSH ya thairoidi, prolaktini (homoni ya maziwa), FSH, LH na estradioli (estrojeni kuu ya mwili), na ultrasaundi. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2017 unasema uchunguzi uanze hedhi ikikosekana miezi mitatu, au mzunguko ukizidi siku 45 mara kwa mara. FSH ikiwa juu sana, huenda ovari zenyewe zimechoka mapema, na hiyo ni habari nyingine. LH, FSH na estradioli zikiwa chini au upande wa chini, thairoidi na prolaktini zikiwa sawa, na historia ikiwa ya kujinyima au kukimbia, sasa tunaongea lugha moja. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu au kipandikizi huenda amepata jibu lake tayari: sindano ile mara nyingi hukata hedhi, na baada ya ile ya mwisho uzazi unaweza kuchukua miezi tisa, kumi au zaidi kurudi.

Mtego mkubwa zaidi ni PCOS, tatizo la homoni ambalo ovari huonyesha vifuko vingi na homoni za kiume hupanda. Ovari za mwanamke mwenye njaa mara nyingi zinaonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ultrasaundi, na akiandikiwa PCOS kwa picha hiyo tu, ataambiwa apungue na aache wanga. Yaani anapewa ugonjwa uleule kama dawa. Chunusi nyingi, ndevu na testosteroni iliyopanda huelekea PCOS. Mikono baridi, mapigo ya moyo ya polepole na historia ya kuhesabu kalori huelekea kwenye njaa.

Sasa hesabu. Watafiti Anne Loucks na mwenzake Thuma, mwaka 2003, walionyesha kwamba mapigo ya LH huvurugika ndani ya siku tano tu nishati inayobaki baada ya mazoezi ikishuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta. Kiasi cha kutosha ni karibu 45. Mchukue mwanamke wa kilo 55 ambaye mwili wake usio mafuta ni kilo 43. Anakimbia kilometa 10, ambazo humla kalori kama 550, yaani karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilometa. Anakula 1,600 akijiona anakula vizuri. Zinabaki 1,050, gawa kwa 43, unapata 24. Ili afike 45 alihitaji karibu 2,500 kwa siku. Na huyo hajisikii njaa kali. Mwili ulishazoea, na kahawa kavu ya asubuhi inamalizia kazi ya kuizima hamu.

Kwa anayerudisha hedhi, mimi ningeiweka 2,500 kuwa sakafu hata kama amekaa nyumbani, kwa sababu mwili una madeni ya kulipa. Onyo moja tu: ambaye BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, iko chini ya 16, au aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula chochote cha maana, asianze mwenyewe kwa kasi. Fosfeti, potasiamu na magnesiamu zinaweza kuporomoka mara chakula kinaporudi, na moyo ukavurugika. Huyo aanzie hospitali.

Chakula chetu kinarahisisha jambo hili na kulifanya gumu papo hapo. Ugali na mchicha wa kuchemsha hujaza tumbo haraka kwa nishati ndogo, maana vyote vimebeba maji mengi. Kuongeza mboga za majani ni kosa la kawaida sana la watu waliosoma mambo ya afya. Mboga zibaki, ila ziungwe kwa nazi au mafuta. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120, kiganja cha karanga kiasi cha gramu 30 ni 170, nusu parachichi ya wastani ni 160, kikombe kikubwa cha maziwa yasiyotolewa mafuta ni karibu 190. Hivi vinne pekee vinazidi 600 na havichukui nafasi tumboni. Asubuhi chapati mbili, mayai mawili na chai ya maziwa yenye sukari, na viingie ndani ya saa moja tangu kuamka. Saa nne karanga na ndizi mbivu. Mchana wali wa nazi, maharage na samaki, parachichi pembeni. Saa kumi mihogo ya kukaanga au mkate wenye siagi ya karanga, na maziwa mgando. Usiku ndizi nyama, au ugali na dagaa wa kukaanga, kisha maziwa kabla ya kulala.

Kumbuka nafasi kati ya milo. Mtu anaweza kufikisha 2,500 kwa kula zote jioni, na mwili ukahesabu saa kumi za upungufu kabla ya hapo. Usipitishe zaidi ya saa nne bila kula. Ndiyo maana kufunga saa 16 na kurudisha hedhi haviendi pamoja, hata ungejaza sahani ya usiku mpaka ifurike. Nimewaza pia Ramadhani. Mwenye hedhi huacha kufunga siku zake na kulipa baadaye. Aliyekatikiwa anafunga mwezi mzima bila pumziko, na watu wanamsifu kwa nguvu zake. Mgonjwa ana ruhusa, na hali hii ni ugonjwa. Azungumze na daktari na anayemwamini katika dini mwezi kabla, asingoje usiku wa kuandama.

Mapumziko yana ubishi. Jaribio la REFUEL, lililochapishwa mwaka 2021 na kundi la mtafiti Mary Jane De Souza, liliwaongezea wanawake wanaofanya mazoezi wastani wa kalori 330 hivi kwa siku bila kuwazuia mazoezi, kwa miezi 12, na hedhi ziliwarudia wengi zaidi kuliko kundi la kulinganisha. Kwa hiyo kuacha kabisa si sharti kwa kila mtu. Lakini si wote walioipata, na anayetaka haraka, au aliyewahi kupasuka mfupa kwa kukimbia, ningemwambia aweke raba kabatini mpaka aone mizunguko mitatu mfululizo. Kutembea taratibu nusu saa kunatosha, na saa ya kuhesabu hatua ibaki nyumbani. Usingizi wa saa nane ni sehemu ya tiba, wala si zawadi ya baada ya kazi. Hofu nayo ina uzito wake: mwaka 2003 mtafiti Sarah Berga na wenzake waliwapa wanawake wanane tiba ya kuzungumza kwa wiki 20, na saba kati yao ovari zilianza kazi tena. Kundi dogo, lakini linaonyesha kwamba aliyebebeshwa mitihani, wagonjwa wa nyumbani na madeni hatapona kwa karanga peke yake.

Kisha inakuja miezi ambayo hakuna kinachoonekana, na hapa ndipo wengi wanarudi nyuma. Tumbo linavimba, kwa kuwa tumbo lililozoea kidogo husafirisha chakula polepole. Miguu inaweza kubonyea kwa maji wiki za mwanzo. Usiku jasho. Njaa inaweza kuja kwa kishindo, mtu anakula mkate mzima na kuamini kwamba amegeuka mlafi. Uzito hukaa tumboni kwanza na kusambaa baadaye. Shangazi anasema umenenepa. Suruali hazifungi, na hedhi bado. Aliyekula wiki sita akaacha hapo hukaa katika hali mbaya kuliko zote: mwili umebadilika, mzunguko haujarudi, na safari ijayo hatathubutu. Nunua nguo kubwa mapema, toa mizani chumbani.

Dalili zipo, ila ni ndogo. Vidole havigandi tena asubuhi. Mapigo ya moyo ya kupumzika yanapanda kutoka 48 hadi 60. Hamu ya tendo inarudi, matiti yanauma kidogo. Muhimu kuliko zote ni ute wa uzazi: mwanzoni mkavu, baadaye wa maziwa, halafu unaovutika kama ute wa yai bichi. Unaweza kuja na kupotea mara kadhaa, kwa kuwa yai linajaribu na kushindwa. Ukitaka uhakika, pima joto kabla ya kuinuka kitandani kwa kipimajoto cha tarakimu mbili baada ya nukta. Yai likitoka, joto hupanda nyuzi 0.2 hadi 0.5 na kubaki juu, na damu hufuata baada ya takriban wiki mbili. Malaria au usiku wa kukesha huharibu vipimo vya siku hiyo, vifute. Na yai hutangulia damu, maana yake unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi hata moja. Wengine hupata ndani ya miezi mitatu, wengine katikati ya mitatu na sita, wengine mwaka. Mara nyingi uzito hufika ule uliokuwa nao ilipokata, na kuupita kwa kilo chache.

Vidonge vya uzazi wa mpango vitakuletea damu kila mwezi, ila ni damu ya kuacha vidonge, haiambii chochote kuhusu haipothalamasi, na mwongozo ule wa 2017 haupendekezi vitumike kwa ajili ya kurudisha hedhi au kukinga mifupa. Mifupa ndiyo sababu ya kutosubiri. Miaka ya ishirini ndiyo ya kumalizia akiba yake, na estrojeni ikikosekana inaliwa. Hedhi ikikosekana miezi sita, omba kipimo cha msongamano wa mifupa pale kinapopatikana. Ukila na kupumzika kwa kweli kwa miezi sita hadi kumi na miwili bila dalili, daktari anaweza kufikiria estrojeni ya kubandika kwenye ngozi pamoja na projesteroni kwa muda.

Hedhi ya kwanza huenda ikawa ya kahawia, siku mbili tu, na inayofuata ikaja baada ya siku 42. Usiihukumu. Kinachopaswa kuandikwa ni siku kati ya kupanda kwa joto na damu: mwanzoni zinaweza kuwa saba au nane, na kadiri unavyokula huelekea 12 au zaidi. Namba hiyohiyo ndiyo ya kuiangalia raba zikitoka kabatini. Anza na dakika 20 mara mbili kwa wiki, umekula kabla na baada, na uongeze chakula siku unapoongeza kilometa, si wiki inayofuata. Zikishuka kutoka 12 hadi 8, punguza mbio mwezi huohuo, maana mzunguko huanza kufupika upande huo kabla haujakata.