Kwa Gari Kutoka Manchester Hadi Washington, Nyuma ya Waasisi wa Gemu

Safari tuliianzia Arms Park, mjini Manchester katika jimbo la New Hampshire, kando ya mto Merrimack, kwenye majengo ya matofali ya viwanda vya zamani vya nguo. Hapo pana sanamu ya shaba ya Ralph Baer, mvumbuzi wa gemu za kuchezea kwenye televisheni, ameketi kwenye benchi. Ilizinduliwa 2019, zaidi ya miaka minne baada ya kifo chake, na mji huu ndio aliokuwa akiishi. Anastahili. Lakini ukifika pale, wataje na wenzake wawili: Bill Harrison, aliyeziunda saketi kwa mikono yake, na Bill Rusch, aliyependekeza nukta ya tatu kwenye skrini, nukta inayoendeshwa na mashine yenyewe. Kabla ya hapo wachezaji walikuwa wakifukuzana kwa nukta mbili tu. Nukta ya tatu ndiyo iliyokuwa mpira, na mpira ukaleta tenisi ya kwenye televisheni.

Wote watatu walikuwa waajiriwa wa Sanders Associates, mjini Nashua. Mji huo tuliupita tu, tukaingia Massachusetts na kushika barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi.

Nyuma ya gari tulibeba Magnavox Odyssey ya 1972, konsoli, yaani mashine ya gemu ya nyumbani, iliyotokana na kazi yao. Kusafirisha kifaa cha umri huo kuna masharti. Toa kwanza betri zote sita za saizi ya C. Kifunge kwa karatasi isiyo na asidi, wala usikizungushie sponji: sponji ikizeeka huyeyuka ikawa unata, na unata huo haubanduki kwenye plastiki. Ukitoka kwenye baridi ukaingia nyumba yenye joto, sanduku liache limefungwa saa kadhaa, kwa sababu umande hutua juu ya chuma baridi na ndipo kutu inapoanzia. Ukikuta ukoko mweupe kwenye vituo vya betri, na betri zilikuwa za alkali, pitisha pamba ya kijiti yenye siki kidogo ili kuizima alkali, kisha malizia kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi.

Ndani ya Odyssey hamna prosesa wala kumbukumbu. Ni transista na dayodi tupu. Kadi unazochomeka mbele zinaunganisha njia za umeme, basi. Kwa hiyo anayetaka "kunakili programu" ya kadi hizo hana cha kunakili. Gemu yenyewe iko nusu kwenye saketi na nusu sandukuni: karatasi za plastiki zenye rangi za kubandika kwenye kioo cha televisheni, dadu, pesa za karatasi, na ubao wa kuandikia alama, maana mashine haihesabu alama. Karatasi ya plastiki ikipotea, uwanja umepotea, na kinachobaki ni nukta nyeupe kwenye giza. Zihifadhi zikiwa zimelazwa, kamwe usizikunje wala kuzisokota. Mkunjo mmoja huacha mstari wa kudumu na hapo haishiki tena. Zilishikwa na umeme tuli wa kioo cha televisheni ya mgongo, ambao televisheni bapa hazina. Ndiyo maana tunashikilia kwamba anayehifadhi Odyssey ahifadhi na televisheni yake.

Albany, Utica, Syracuse, halafu Rochester. Hapa kuna The Strong, jumba la makumbusho ya michezo, lenye maktaba na hifadhi ya nyaraka ambayo mtafiti huomba nafasi mapema. Humo zimo karatasi za Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyeongoza kazi ya Fairchild Channel F ya 1976, konsoli ya kwanza iliyotumia katriji, yaani vijisanduku vya gemu vya kuchomeka na kuchomoa, zenye chipu ya programu. Hapa pia majina ni zaidi ya moja: wazo la awali lilitoka kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex, na umbo na ufundi wa katriji ukafanywa na Nick Talesfore na Ron Smith.

Katriji hizi, tofauti na kadi za Odyssey, zinanakilika, na ni wajibu kuzinakili. Safisha pini kwa isopropili na pamba ya kijiti. Usitumie msasa, utakwangua madini yaliyopakwa juu. Soma chipu, yaani nakili data iliyomo, itoe katriji, irudishe, usome tena, kisha linganisha SHA-1 za nakala zote mbili, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data. Zikitofautiana, mara nyingi ni uchafu wa pini. Zikilingana, bado usitulie: chipu iliyooza inaweza kutoa kosa lilelile kila mara. Tafuta katriji nyingine ya gemu hiyohiyo ulinganishe nayo. Kwenye rekodi andika na waliotunga. Kampuni ya gemu ya Atari, miaka ya 1970, haikuwataja watunzi wake, ndiyo maana mmoja wao, Warren Robinett, alilificha jina lake kwenye chumba cha siri ndani ya gemu yake, Adventure.

Kushuka Washington tulipitia Pennsylvania, kwa kitambo tukiwa ubavuni mwa mto Susquehanna. Katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, ya Smithsonian, ipo karakana ya Baer iliyohamishwa kutoka nyumbani kwake. Makumbusho hayo ndiyo yenye Brown Box pia, kielelezo cha 1968 cha mashine iliyokuja kuwa Odyssey, kilichofunikwa plastiki ya rangi ya mbao, chenye safu ya swichi za kuchagua gemu. Kwetu, kilicho kizito kuliko sanduku hilo ni karatasi: kurasa nne alizoandika Baer tarehe 1 Septemba 1966, zikieleza gemu za televisheni. Karatasi zenye tarehe ndizo zilizosimama mahakamani kesi za hataza zilipokuja. Kwa hiyo mwandishi wa programu akikuachia konsoli na boksi la madaftari, anza na madaftari. Piga picha kila ukurasa, hata zile tupu, kwa mpangilio uliozikuta nao, kabla hujaondoa pini au klipu yoyote.

Kiingilio ni bure. Karakana iko ghorofa ya kwanza, upande wa magharibi. Ukiingilia mlango wa Constitution Avenue, uko kwenye ghorofa hiyohiyo.