Barua yangu ya kwanza haikufaa kitu

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa lango la msitu, chini ya onyo kuhusu dubu. Ofisi ya msitu wa taifa tunaopakana nao hapa Marekani ilitaka kufungua njia mpya za pikipiki na vile vigari vya porini vya magurudumu manne. Wananchi tulipewa siku 30 za kutoa maoni, na 11 zilikuwa zimekwisha kupita.

Usiku uleule nikaandika barua kwa hasira: kelele, vumbi, ndege watahama, wanangu wamezoea kutembea humo. Jirani yangu, mama mstaafu aliyewahi kufanya kazi mahakamani, aliisoma akavua miwani. "Hii ni barua ya mapenzi," akasema. "Watakushukuru, kisha wataitia kwenye faili." Akanifundisha nisilolijua: rasimu ya uamuzi ikishatangazwa, pingamizi rasmi hupokelewa tu kwa mtu aliyetoa maoni mahususi kwa maandishi ndani ya muda, na pingamizi lenyewe lazima litokane na maoni hayo, isipokuwa kama kumezuka jambo jipya. Usipokitaja kijito leo, kesho huna mdomo wa kukitaja.

Akanionyesha pa kushika. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri namba 11644, kwamba njia za vyombo hivi katika ardhi ya umma zipangwe kwa namna ya kupunguza uharibifu wa udongo, maji na mimea, bughudha kwa wanyamapori na migongano na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliitia makali: panapoonekana madhara makubwa, pafungwe mara moja. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuwaeleza ninavyoupenda msitu. Nilitakiwa kuwauliza, njia kwa njia: hapa mmepunguza nini, na kwa vipi?

Jumamosi mbili tulipanda mlimani na ramani yao. Sehemu kadhaa walizotaka kuzihalalisha zilikuwa tayari njia za panya, zimechimbwa na magurudumu ya watu wasiongoja ruhusa. Nililaza fimbo yangu juu ya mtaro mmoja, ukingo hadi ukingo, nikateremsha rula katikati: sentimita 41. Mizizi ya msonobari ilikuwa imebaki ikining'inia hewani. Udongo pembeni ulikuwa umeshindiliwa hata kisu hakiingii, na udongo wa hivyo haunywi mvua. Maji huteleza juu yake na kukimbilia bondeni yakiwa yamebeba tope.

Kwenye kivuko cha kijito tulichota maji kwa chupa mbili za jamu, moja juu ya kivuko, nyingine chini yake kidogo. Kupitia ile ya kwanza ungeweza kusoma gazeti. Ya pili ilikuwa chai ya maziwa. Tuliiacha mezani usiku kucha, asubuhi tope lilikuwa limetuama unene wa kidole. Samaki aina ya trauti hutaga kwenye changarawe, na tope likiziba nafasi kati ya mawe, mayai hufa kwa kukosa hewa. Hilo niliandika. Kuhusu wanangu, nilifuta.

Kila picha iliwekwa tarehe, mahali ilipopigwa na namba ya njia kama ilivyo kwenye ramani yao. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kupanda mlima.

Mkutano wa hadhara ulijaa waendesha pikipiki, na nakiri nilikwenda nikiwadharau. Mmoja wao, mzee mwenye mikono ya fundi, alizitazama picha zetu akasema kivuko kile hata yeye hakitaki, kinaua breki. Hakutia sahihi kwenye barua yetu. Aliandika ya kwake, akapendekeza itumike barabara ya zamani ya kusombea magogo iliyo juu ya ukingo wa kilima. Nadhani barua yake moja ilifanya kazi kuliko zetu zote.

Tathmini ya mazingira ya ofisi ilipotoka pamoja na rasimu ya uamuzi, kivuko bado kilikuwemo. Tukapewa siku 45 za pingamizi, zinazohesabiwa tangu tangazo litoke gazetini. Nililikata nikalibandika kwenye friji. Tuliwasilisha kurasa 6, karibu zote tukirudia maneno yetu ya mwanzo na kuuliza majibu yako wapi. Tukaitwa kikaoni. Katika uamuzi wa mwisho njia mbili za kijitoni zilifutwa, na ya tatu ikahamishiwa kwenye ile barabara ya magogo. Ya nne, tuliyoipinga kwa hoja ya kelele peke yake, ilipita. Jumapili naisikia nikiwa jikoni.

Njia za panya zilizibwa kwa magogo. Kila baada ya wiki chache kuna anayeyasukuma pembeni, nasi na yule mzee tunayarudisha.