Deni la Ijumaa

Waliniambia Ijumaa. Walikuwa watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani, na yule wa katikati ndiye aliyetamka: "Utapata jibu kabla ya Ijumaa." Ilikuwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013, katika ofisi ya shirika moja kule Muhumba. Walitafuta msaidizi wa mhasibu. Mimi nilikuwa nimemaliza miaka 3 ya gradua, yaani ngazi ya kwanza ya chuo, na sijawahi kupokea mshahara hata siku moja.

Ijumaa ikapita. Ya pili nayo ikapita.

Kwetu Kadutu umeme ulikuja ulipotaka wenyewe. Kila jioni nilipeleka simu kwa kijana mwenye jenereta anayechajia watu, nikakaa palepale kwenye benchi lake hadi ijae. Niliogopa wasije wakapiga simu ikiwa mikononi mwake. Usiku niliilaza karibu na sikio.

Kwa nini sikwenda kuuliza? Hapa inafaa niseme wazi, maana mtu wa mahali pengine anaweza kudhani ni woga tu. Mjini kwetu, mtu akionekana anarudi ofisini baada ya kuhojiwa, watu husema amepeleka bahasha. Akiwa msichana, husema baya zaidi. Baba mkubwa alikuwa amenikataza kabisa: "Ukionekana kwenye geti lao, jina letu limekwisha." Tena tangazo lenyewe, lile nililolisoma kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo, lilimalizika kwa maneno ambayo kila mtafuta kazi wa Kongo anayajua kwa moyo: wataitwa tu wale watakaochaguliwa. Niliyashika maneno hayo kama sheria. Kumbe yaliwahusu waliotuma barua wasiitwe. Mimi nilikuwa nimeitwa, nikaketi, nikapewa siku. Tofauti hiyo sikuiona. Aliiona Mama.

Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Alfajiri alikuwa ziwani kuwapokea wavuvi waliokesha na taa zao, na karibu nusu ya alichouza kilikwenda kwa mkopo. Usiku wa mbalamwezi taa haziwavuti samaki vizuri, kwa hiyo siku hizo mzigo ulikuwa mdogo, naye alizitumia kufuatilia madeni. Nimekua nikimwangalia akifanya kazi hiyo. Hakumdai mtu sokoni mbele ya wenzake. Hakupandisha sauti. Alikwenda asubuhi kabla mwenye nyumba hajatoka, akasalimia wote hadi watoto, kisha akasema sentensi moja: "Mama, tuliagana Jumamosi." Halafu akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa na heshima, lakini hakukuwa na haraka ya kuondoka. Wengine walilipa, wengine waliomba siku nyingine, na mmoja aliwahi kulia akisema hana kitu. Mama alimshukuru huyo pia. Alirudi akiwa amejua, akalifuta jina lake katika hesabu za wiki ile.

Jioni moja tulikuwa tunachambua sambaza uani. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Walikuambia siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ya wiki mbili zilizopita, Mama."

Akauweka ungo chini. "Basi wana deni lako. Si la kazi, kazi ni yao, watampa wanayemtaka. Deni lako ni jibu. Nenda asubuhi. Simama mlangoni, ofisini kwa mkubwa usiingie. Usiombe kitu. Wakumbushe siku yao."

Usiku huo niliandika barua kwa mkono, na kesho yake ikachapishwa kwenye kibanda cha sekretaria. Mistari 6. Nilishukuru kwa kupokewa, nikataja tarehe ya mahojiano na kazi yenyewe, nikasema niliahidiwa jibu kabla ya Ijumaa, nikauliza kama uamuzi umeshatoka. Chini niliweka namba yangu na ya jirani. Nikatoa nakala 2, maana ya pili hupigwa muhuri na kurudishwa kwa mwenyewe. Tunaiita akize, na asiyekuwa nayo hana la kuonyesha kwamba alifika.

Nikateremka kwa miguu, nikapita Nyawera, hadi Muhumba. Mlinzi alinijua. "Batakuita, mama. Rudi tu nyumbani."

"Nimeleta barua, papa. Naomba muhuri tu."

Akanipitisha. Sekretari alinitazama kuanzia viatu. "Uko na mtu humu ndani?"

"Hapana, dada. Niko na barua."

Alitafuta muhuri muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokuwa anaandika tarehe, yule mama mwenye miwani akatokea kwenye korido. Akaichukua barua mezani, akaisoma amesimama, yote, kisha akanitazama. Nilikumbuka kunyamaza kwa Mama. Nikanyamaza.

"Kazi ilishapewa mtu," akasema. "Wiki iliyopita, Jumatatu. Wewe ulikuwa wa pili. Mwenzako ameshatunza pesa za ofisi miaka 2, wewe bado. Kwenye hesabu ulimshinda." Akaikunja barua. "Ilitupasa kukuambia."

Nilisema asante, na ilinitoka moyoni. Wiki zile zote nilikuwa nimejitungia sababu: Kifaransa changu, nguo yangu, kabila langu, kuwa sina mjomba mkubwa. Sasa nilikuwa na sababu moja, ya kweli, nami nilijua namna ya kuitafutia dawa. Wale walionihoji sehemu nyingine, kabla na baada ya hapo, hawakuwahi kunipa hata hiyo, na hadi leo naona ni kumdhulumu mtu.

Nilipopanda Kadutu ilikuwa karibu saa sita, akize imekunjwa pamoja na kitambulisho. Simu ilikuwa imezimika tangu njiani. Nilimpa yule kijana wa jenereta, naye akalivuta benchi ili nikae.

"Hapana," nikamwambia. "Nitaifuata kesho."

Nikaenda kumsaidia Mama kuanika.