Hewa inaingia, haitoki

Nilishuka bandari ya Mkoani, Pemba, Jumanne, baada ya miaka 17 Kanada, na gari halijafika Chake harufu ya karafuu ilishanipokea. Ni msimu. Kila uwanja una jamvi, kila jamvi limeanikwa. Mama alinikumbatia, akalia, kisha usiku akanisogezea kikapu. Nikakaa chini na wenzangu kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vikauma kama zamani.

Nilijua pumu katika usiku kama huo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akibanwa watu wakishalala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kainama mbele, mikono kaikita magotini, na kazi yangu mie ilikuwa kumsugua mgongo. "Hewa inaingia, mjukuu wangu, haitoki." Neno hilo nilikwenda nalo hadi maabara ya Montreal.

Bibi hakusoma darasa lolote la fiziolojia, na alisema kweli tupu. Pumu ikishika, misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, kuta huvimba, ute hujaa. Wakati wa kutoa pumzi njia hizo huzidi kusinyaa, basi hewa hubaki ndani na mgonjwa huvuta nyingine juu ya ile ya zamani. Kifua kinajaa, naye anahisi hana pumzi. Na hesabu yake haina huruma: hewa ikipita kwa utulivu kwenye njia iliyopungua upana nusu, ukinzani hupanda mara 16. Siku niliyofundishwa hesabu hiyo niliuona mgongo wa bibi, nikatoka darasani.

Kazi yangu yote imekuwa kuisoma pumzi ndefu. Mtu mwenye afya akivuta pumzi ndefu, nyama ya pafu huzivuta kuta za njia ya hewa kila upande, kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Njia hutanuka, na msuli uliokaza hulegea. Kwa wengi wenye pumu nafuu hiyo ni ndogo, au hupita upesi na njia ikabana tena. Kwa nini? Nimelifuata swali hilo nusu ya umri wangu, na nalipenda mpaka leo.

Lakini usiku wa tatu mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 14, alibanwa. Alikuwa ameinama vile vile, mikono magotini. Alikuwa na pampu yake ya buluu, salbutamol. Akaipuliza, dawa nyingi ikaishia ulimini.

Nikamwomba mama chupa ya maji ya nusu lita. Nikatoboa kitako kwa kisu cha moto, nikachomeka mdomo wa pampu, nikaziba pembeni kwa plasta. Kijana akaweka midomo kwenye shingo ya chupa, mpulizo mmoja, akavuta taratibu, kisha mwingine. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 1999 kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa kama hii ikizibwa vizuri hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa. Niliwahi kuyasoma hayo nikageuza ukurasa. Safari hii nilihesabu pumzi zake mpaka mabega yakashuka.

Pampu ya buluu huulegeza msuli, uvimbe haiugusi. Wa kuuondoa uvimbe ni dawa ya steroidi ya kuvuta, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi kijana wala mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kufungua njia ya hewa peke yake. Kijana wetu hajawahi kuandikiwa nyingine. Hilo limeniuma kuliko uchovu wote wa safari. Kesho tunakwenda naye Chake kwa daktari, na sirudi bila ya kuizungumza dawa hiyo ya uvimbe.

Asubuhi mama alikuwa kibarazani. Mbele yake zimepangwa chupa tatu tupu, zimeoshwa.

"Hii ya Bi Mkubwa wa nyumba ya pili," akasema. "Hizi mbili za wajukuu zake. Kisu nimeshakiweka motoni, mwanangu."